Masuke Niliyochelewa Kuyafunika

Watu wa pwani huupenda upepo. Joto likizidi utamsikia mtu akiuomba kama anavyoomba maji. Mimi niliuogopa kuliko nyoka kwa miaka yote niliyofanya kazi ya mbegu, na hata leo, nikiwa nimekaa barazani kwa dada yangu hapa Kibarani, Kilifi, kusi, ule upepo wa kusini, ikianza kuvuma mimi huinuka nikaingia ndani. Nataka kuwaeleza sababu, wadogo zangu mnaoajiriwa sasa kwenye mashamba ya majaribio. Nimewaona mkipita na mifuko yenu ya karatasi, mkicheka, na sikumwona hata mmoja wenu akitazama upepo unatoka upande gani.

Nilianza miaka ya themanini, katika shamba dogo la utafiti wa nafaka upande wa bara ukitoka Gede. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Baadaye, tulipopunguzwa kazini, miguu hiyo ilinipeleka Marereni kupakia chumvi, Garsen kuuza mitumba, Hola, kisha Lamu, na kokote nilikokwenda nilidhani nitasahau. Sikusahau. Nikipita shamba la mawele mpaka leo nasimama, nageuza jani moja nitazame upande wa chini, na wenye shamba huniuliza kama nimepoteza kitu.

Kwanza mwelewe mawele yenyewe. Suke lake huchanua mara mbili. Hutangulia kutoa nywele nyeupe laini. Hizo ndizo za kike, nazo hukaa zikisubiri. Siku mbili tatu baadaye ndipo hutoka vifuko vya manjano vyenye vumbi, na hilo ndilo la kiume. Katika zile siku za kusubiri, suke hupokea vumbi lolote linaloletwa na upepo, kutoka shamba lolote, zuri au bovu. Ukitaka mbegu ambayo baba na mama yake unawajua, sharti ulivike suke mfuko wa karatasi kabla nywele hazijachungulia. Si siku ile ile. Kabla.

Aliyenifundisha ni Mzee Karisa, mnyapara wetu, mtu mfupi mwenye hasira za karibu na kofia ya ukili ambayo hakuivua hata mbele ya wageni wa serikali. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha kwenye safu, akashika shina lililovimba chini ya jani la juu kabisa.

"Kazungu, unamwona huyu? Huyu ni mwari, bado yumo ndani. Mfunike angali ndani. Akishatoa uso nje, umechelewa, ashaonwa na mtaa mzima."

Mama Zawadi, aliyekuwa akipalilia nyuma yetu na wenzake, hakuweza kujizuia. "Na wewe Karisa, wako ulimfunika saa ngapi?"

"Wangu mimi? Wangu ndiye aliyenifunika!" akajibu, na safu nzima ya wanawake ikaacha majembe kwa kucheka.

Lakini akimaliza mzaha alikuwa mkali. Alinifundisha kubonyeza ule uvimbe kwa vidole viwili: ukisikia laini, bado, ukisikia kitu cha kukwaruza kama ulimi wa paka, fika kesho na mfuko. Alinifundisha kunawa mikono kwa spiriti kila ninapohama safu moja kwenda nyingine, kwa sababu vumbi lililobaki kwenye kidole kimoja latosha kuharibu kazi ya msimu. Alinikataza kuvaa shati la sufu. Alinifundisha kuingia shambani umande ungali juu ya majani, maana vumbi lililolowa haliruki, na jua likishakausha, kila hatua yako ni hatari.

Ndege nao tulikuwa nao. Kwelea walikuja kwa wingi wa nzige. Tulijaribu madebe, kombeo, sanamu za matambara, wakatuzoea. Mwishowe wakamwogopa mlinzi mmoja tu, mzee wa kwaya ya kanisa la Gede, ambaye akiimba sauti ya nne shambani hata sisi tulitaka kukimbia. Haya niwaambie ili msidhani kazi ile ilikuwa kulia tu. Ila ndege wanakula ulichonacho, nawe unawaona. Ninachotaka kueleza mimi ni kile kisichoonekana.

Ugonjwa uliotusumbua ulikuwa ukungu wa mawele. Mche unaanza na michirizi ya rangi ya njano, kisha asubuhi na mapema, ukigeuza jani, utaona upande wa chini kama mtu amenyunyiza unga. Suke likitoka, mahali pa punje huota majani madogo madogo yaliyojikunja, kijani kitupu. Shamba linaweza kuwa limesimama vizuri, linapendeza kwa mbali, na ndani yake hamna chakula. Niliwahi kumwona baba mtu mzima ameshika suke la namna hiyo, analipekua jani kwa jani, akitafuta punje. Hakuipata.

Mkuu wetu, Daktari Atieno, mwanamke mwembamba kutoka upande wa ziwa ambaye hakupaza sauti hata mara moja, alikuwa akitafuta mawele yasiyougua na yenye kuzaa sana. Njia yake iliwatisha majirani. Tulipanda kwanza safu za mawele ya ndevu, yale yenye miiba mirefu kwenye suke, yanayougua upesi, tukayaacha yaugue, na jioni tukayanyunyizia maji ili ukungu ustawi. Kisha kati ya wagonjwa hao tukapanda tunayoyajaribu. Yanayoanguka, tunayaacha. Yanayobaki, tunayachukua.

"Watu wengine hufuga kuku," alituambia jirani mmoja kwenye ua. "Nyinyi mwafuga ndwele. Siku itakapovuka ua huu nitakuja kulala kwenu na wanangu wote, mtatulisha."

Tukamcheka. Mimi pia nilicheka.

Kati ya yote tuliyojaribu, safu moja ilisimama. Tuliiita kwa namba yake tu, kumi na saba. Misimu mitatu ilikaa katikati ya wagonjwa bila hata mchirizi, na suke lake lilikuwa refu, limejaa, halina ndevu hata moja. Daktari Atieno alikuwa akipita pale kila asubuhi, anasimama, halafu anaendelea. Sisi tulijua anaomba.

Mwezi wa sita wa mwaka niliokosea, Mzee Karisa aliondoka siku chache kwenda matangani, akaniachia safu ya kumi na saba. Masuke ya kufunikwa yalikuwa bado. Nilibonyeza, nikasikia laini. Nikajiambia yana siku tatu, nami nina arusi ya binamu yangu Malindi. Nikaenda. Nikacheza, nikala pilau, nikarudi siku ya tatu mchana, jua kali limewaka siku zote hizo.

Masuke thelathini na kitu yalikuwa yametoka, na nywele nyeupe ziko nje zinang'aa. Kusi ilikuwa ikinipiga usoni, na nilipogeuka nione inatoka wapi, niliona safu za wagonjwa zimechanua zote kwa pamoja. Mkono wa shati langu ulikuwa na vumbi la manjano. Sikuhitaji mtu kunifafanulia.

Kanuni ilikuwa nyepesi: suke lililochelewa lifungwe uzi mwekundu, mkuu aambiwe, lisivunwe kuwa mbegu. Lakini mimi nilikuwa kibarua niliyeahidiwa kazi ya kudumu msimu ule. Nikiyafunga uzi masuke thelathini, kesho naulizwa nilikuwa wapi. Nikatazama huku na huku. Wanawake walikuwa mbali, chini ya kivuli. Nikachukua mfuko nikalivika suke la kwanza, nikapiga pini, nikaandika kama yalivyoandikwa yote yaliyofunikwa kwa wakati. La pili likawa rahisi kuliko la kwanza. Nilipofika la kumi nilikuwa nikipiga mluzi.

Usiku ule nililala vizuri. Woga haukuja siku ile, wadogo zangu. Ulikuja msimu wa vuli.

Mbegu zile tulizipanda peke yake katika kitalu kilicho mbali na mawele mengine, ili ziongezeke. Zikaota, zikakua, hazikuugua, kwa kuwa hapakuwa na wagonjwa karibu. Nikaanza kushukuru. Kisha masuke yakatoka, na asubuhi moja nikaona suke lenye ndevu. Safu ya kumi na saba haina ndevu. Ndevu ni za wale wagonjwa. Hapo ndipo mtoto alipomtaja baba yake.

Nililing'oa shina zima, nikalitia kwenye gunia. Kwa muda wa wiki mbili nilikuwa wa kwanza kufika kitaluni, na kila lenye ndevu nililoliona nililing'oa nikawarushia mbuzi wa jirani juu ya ua. Mbuzi walinijua. Wakiniona na gunia walikuja mbio wakilia, nami nilikuwa nikiwanong'oneza, "Kimya, kimya," kama mwizi. Lakini mengine yalikuwa yameshamwaga vumbi lake kabla sijayafikia, na hilo pia nililijua.

Siku ya ukaguzi Mzee Karisa alipita kitalu chote, akageuka akanipiga bega. "Hamna hata mmoja mwenye ndevu. Kazi safi, Kazungu. Nimemwambia Daktari akuandike."

Nikaandikwa. Barua ilipokuja nilishindwa kuisoma hadi mwisho, na watu wakadhani ni furaha.

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua za masika, mbegu ilipelekwa kwa familia tano za vijiji vya upande wa Jilore, ipandwe mashambani mwao tuone inavyokwenda. Mmoja katika hao watano alikuwa dada mkubwa wa Mzee Karisa, Hawe Sidi, yaani Bibi Sidi kwa lugha ya kwetu, mjane anayelea wajukuu watatu. Misimu miwili mawele yake yalikuwa yameota majani. Mzee Karisa ndiye aliyeomba awekwe kwenye orodha, na alinichukua mimi twende pamoja.

Tulimkuta uani, ameshusha kutoka kwenye uchaga wa juu ya meko kibuyu cha mbegu yake ya zamani, kimekuwa cheusi kwa moshi.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni. Karisa, na hii yangu niipande upande gani?"

"Usiipande. Mbegu hii ya sasa haitaki mawele mengine karibu, vumbi litachanganyika. Ndiyo masharti ya ofisi."

"Sasa niifanyeje?"

"Ipike, dada. Imekuhangaisha vya kutosha. Wapikie uji watakaokuja kukulimia."

Akacheka kidogo, lakini mkono wake haukuachia kibuyu. "Hii ilikuwa ya mama. Haya basi." Akatia mkono kwenye mbegu mpya, akaziacha punje zipite kati ya vidole, akaniangalia mimi. "Hazitaota majani?"

Nilifungua mdomo. Mzee Karisa akanijibia. "Hizi? Huyu kijana kazilea kama mayai."

Tulipokuwa tukiondoka nilisikia mchi ukianza kutwanga kinuni. Nasema kweli, sijawahi kusikia sauti iliyonifuata mbali kama ile. Ningeweza kurudi. Ilikuwa hatua arobaini hivi, na nilizitembea zote kuelekea barabarani, nikimsikiliza Mzee Karisa akieleza namna dada yake alivyokuwa akimbeba mgongoni utotoni.

Wiki mbili baadaye Daktari Atieno akataka kuwaonyesha wageni uimara wa mbegu ile. Aliniagiza nipande kiasi kidogo katika vibeseni, nivinyunyizie ukungu kutoka kwa wagonjwa, nivifunike kwa nailoni. Nikafanya. Asubuhi ya siku niliyoambiwa nifunue, nilikuwa peke yangu. Miche mingi ilikuwa kijani safi. Kisha nikaona mmoja una mchirizi. Nikageuza jani. Unga. Nikaenda beseni la pili. Mmoja, halafu mwingine pembeni, halafu wawili pamoja. Nilisimama na yale majani mkononi, nikatazama juu. Mawingu mazito ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari.

Mzee Karisa alinikuta nimekaa chini.

"Umeumwa na nge?"

Nikamwambia. Nilianza na vibeseni, nikarudi nyuma kwenye ndevu na mbuzi, nikafika kwenye arusi. Nilitarajia anipige. Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa chake; kilikuwa na upara mdogo, na jasho.

"Kwa Sidi ulikuwa umesimama karibu naye," akasema. "Karibu hivi. Alikuuliza kwa mdomo wake."

"Ndiyo, mzee."

"Nikakujibia mimi."

Alinishika mkono wa shati, akanivuta kama mtoto mpaka ofisini.

Daktari Atieno alisikiliza akiwa amesimama. Aliuliza swali moja tu. "Tangu lini?"

"Mwezi wa sita, Daktari."

"Mwezi wa sita." Akatazama dirishani, upande wa mawingu. "Gari lipo. Nendeni mkazirudishe kabla mvua haijanyesha. Zote. Mambo yako tutayazungumza baadaye."

Nimeshafanya kazi nyingi za hatari. Nimebeba magunia ya chumvi kwenye ubao uliooza, nimevuka Tana ikiwa imefurika. Hakuna safari iliyonitisha kama ile. Kila tulipofika kilimani nilichungulia anga. Familia ya kwanza mbegu ilikuwa bado kibuyuni. Ya pili imetiwa kwenye sufuria, inasubiri. Katika nyumba ya tatu mzee mwenye nyumba alitutazama juu hadi chini.

"Mwaleta, mwachukua. Nyinyi watu wa mbegu au watu wa kuazima masufuria?"

"Mbegu ina kasoro, mzee," nikasema.

"Kasoro gani? Mbona naiona nzima?"

"Mimi ndiye niliyeiharibu." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu wa nje, na ulimi ulikuwa mzito kama umekufa ganzi. Mzee yule akaingia ndani, akaileta, akaitupa miguuni pangu, kisha akaniambia nisiondoke hadi niokote iliyomwagika. Nyumba ya nne tukaipata pia.

Kwa Hawe Sidi tulifika alasiri. Hakuwa uani. Mzee Karisa aliita, akaitika kutoka shambani, kwa sauti ya mtu mwenye furaha. Tukamkuta ameegemea jembe. Wengine walikuwa wakisubiri mvua. Yeye, kwa kuwa ni hodari, alikuwa amepanda kavu, ili tone la kwanza liikute mbegu ardhini. Shamba lote lilikuwa limefunikwa, mashimo yamesawazishwa kwa mguu, nadhifu kama mkeka. Na mbegu ya mama yake ilikuwa imeshaliwa uji na waliomsaidia kuipanda ile yangu.

Mzee Karisa alijaribu kumweleza akashindwa. Nikamweleza mimi. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho, tone la kwanza lilinipiga shingoni.

Vijiji vyote vya upande ule vilishangilia jioni ile. Nilisikia watoto wakipiga kelele mashambani, wanawake wakipiga vigelegele, mtu akigonga debe. Mimi nilisimama katikati ya shamba la Hawe Sidi, maji yakinitiririka, nikimwomba Mungu mvua ikome. Sidhani kama kuna mtu mwingine pwani nzima aliyeomba hivyo.

"Zote zitaugua?" akaniuliza, akiwa amejifunika leso kichwani.

"Sijui, hawe."

"Nusu?"

"Sijui."

"Kumbe wewe wajua nini?"

Nikafikiri. "Najua jani linavyoanza kuugua, kabla hujaliona wewe."

"Haya. Basi hutaondoka."

Daktari Atieno alikubali. Nilihamia kwenye kibanda cha mwanawe Hawe Sidi, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Kila asubuhi, kabla jua halijaukausha ule unga wa chini ya majani, nilipita safu kwa safu nimeinama, nikigeuza jani baada ya jani. Hawe Sidi alinifuata nyuma. Nikikuta mgonjwa nauinua mkono, yeye ndiye anayeung'oa. Alikataa niung'oe mimi. Tukaichoma pamoja kando ya shamba. Siku nyingine mmoja, siku nyingine sita, na kuna asubuhi tulizofika mwisho wa shamba bila hata mmoja. Hizo nilizihofia zaidi, kwa sababu nilidhani macho yangu yamenidanganya.

Majirani hawakukosa neno. "Hawe Sidi, wenzio huajiri wa kupanda, wewe umeajiri wa kung'oa?"

"Huyu namlipa kwa uji," akajibu, bila kugeuka.

Masuke yalipoanza kutoka, shamba lilikuwa na mapengo kama kinywa cha mzee. Yaliyobaki yalizaa vizuri, na hilo sitalificha, lakini hayakutosha. Wajukuu walikula mihogo. Mzee Karisa alikuwa akileta unga kila mwisho wa juma, anauweka mlangoni, hanisalimu. Kabla ya vuli, mjukuu mkubwa, msichana wa darasa la tano, alipelekwa kwa mjomba wake Marereni kwa sababu sahani hazikutosha. Nilikuja siku hiyo kutoka shamba la utafiti, nikawasindikiza yeye na bibi yake hadi barabarani. Alinishukuru kwa kumbebea mfuko. Mnaposoma majarida yenu kuhusu mbegu na mazao, wadogo zangu, kumbukeni kwamba kosa la shambani halibaki shambani. Linakwenda kuketi kwenye chakula cha watu.

Daktari Atieno hakunifukuza. Alikuwa amehifadhi kiasi kidogo cha mbegu halisi ya kumi na saba, ya kabla ya arusi ile, akaipanda upya msimu ule ule. Mwezi wa sita akanirudisha.

"Utafunika wewe."

"Huyu?" Mzee Karisa akasema. "Tena?"

"Hao wengine hawajaona kinachotokea," akajibu Daktari, na hakurudia.

Sijui niwaelezeje mwezi ule. Nilibonyeza kila uvimbe asubuhi na jioni. Nilifika mapema mno hata mlinzi akanidhania mwizi wa masuke, akaanza kuimba kunitisha. Upepo ukivuma nilikimbilia safu nikahesabu mifuko upya. Masuke mawili yalinitangulia licha ya yote. Niliyafunga uzi mwekundu, nikaenda kwa Mzee Karisa kabla ya chai, nikamwambia: mawili, safu ya kati, nimechelewa. Alikuja, akayatazama, akayavunja yote mawili, akayatia mfukoni mwake. "Endelea," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu siku ile ya ofisini.

Vuli tukaiongeza. Hakukuwa na ndevu. Vibesenini hatukupata unga, nami nilifunua mara tatu zaidi ya nilivyoagizwa. Na mwezi wa tatu mwingine ukafika.

Daktari alisema Hawe Sidi asilazimishwe. Akikataa, aachwe. Bibi yule alikuwa ameazima mbegu ya zamani kwa jirani, vibaba vichache, na shamba lake lilikuwa la kutosha mbegu moja tu. Mzee Karisa alikataa kwenda nami. "Nenda mwenyewe. Safari hii sikujibii."

Nilimkuta anasafisha shamba. Alikuwa amekonda. Mbegu ya jirani ilikuwa kwenye ungo kando yake, tayari. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kulima mpaka mwisho wa mstari ndipo akasimama.

"Nimeleta ile halisi, hawe. Si lazima uichukue."

"Nani aliyezifunika?"

Njiani kote nilikuwa nimejizoeza majibu mengine. Kwamba tulisaidiana. Kwamba Mzee Karisa alisimamia, na ni kweli alisimamia.

"Mimi," nikasema.

Nilisikia upepo ukipita kwenye mabua makavu ya mwaka uliotangulia.

"Ulikuwa waogopa?"

"Sana, hawe. Na sasa naogopa."

Akaweka jembe chini. Akautazama ungo wa mbegu ya jirani, akanitazama tena. Kisha akakinga upindo wa leso yake kwa mikono miwili.

"Mimina."

Nikamimina. Upepo ukaupepesa upindo, punje kadhaa zikaanguka nje ya leso, naye akapiga magoti palepale akaanza kuziokota moja moja kutoka mchangani.